Bastola ya Afande Shomari na Mbuzi wa Iringa

Watu wa Ng'ambo, mjini Tabora, walimjua Minza kwa sababu ya mumewe, na mumewe walimjua kwa sababu ya bastola. Mume aliitwa Shomari. Katika jeshi la Mdachi alikuwa amepanda mpaka uefendi, cheo ambacho mtu mweusi hakuweza kukivuka, na ingawa Mdachi alikwisha kuondoka na Mwingereza kushika nchi, mji mzima uliendelea kumwita Afande. Alichechemea mguu wa kushoto. Asubuhi alikuwa mnyapara wa sokoni, alasiri alikaa barazani kwake na buli la kahawa, na mara kwa mara alifika mgeni, akasalimu, akazunguka kwa maneno ya mvua na mazao, mwisho akasema: "Afande, tunaomba kuiona."

Hapo Minza aliingia chumbani, akafungua sanduku la mninga, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheusi. Ilikuwa bastola ndefu ya Kidachi, mpini wake wa mti wa kahawia umepigiliwa kibati cha fedha, na juu ya kibati yamechorwa maandishi membamba, kazi safi kama ya sonara. Minza aliiweka mkekani mbele ya wageni, kisha akarudi jikoni kwake. Hakukaa kusikiliza.

Mjini walisimulia kwamba Shomari alizawadiwa bastola ile na bwana mkubwa wake baada ya vita fulani huko kusini, alipozuia kivuko peke yake mpaka maadui wakalala chini kwa makumi. Makumi hayo yalikuwa yakiongezeka mwaka hata mwaka. Shomari mwenyewe hakuwahi kuyasema hayo. Alipoulizwa alijibu, "Hii si yangu, ni ya mama huyu wa ndani," nao wageni walicheka, wakaona ndiyo adabu ya shujaa asiyependa kujisifu. Alijaribu kuwasahihisha kwa muda wa miaka. Mwishowe alichoka, akawa anamimina kahawa tu.

Minza alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Nzega. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani wakarudi na majora ya nguo, na reli ilipokuja kuwanyang'anya kazi, alihamia Tabora na binti yake, akawa mkata kuni wa gari moshi. Ndipo Shomari, kijana wa Kimanyema aliyekuwa askari katika boma, alipomwona Minza kisimani. Wakaoana. Mtoto hawakujaliwa, na jambo hilo Shomari hakulifanya fimbo ya kumpigia mkewe hata siku moja.

Vita vilipofika Tabora na Wabelgiji kuukaribia mji, kikosi cha Shomari kilipewa amri ya kuondoka kwenda kusini. Wakati ule wake wa askari walifuata waume zao. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Ndio waliopika, waliofua, waliobeba vyungu na mikeka, na askari asiye na mke alikula vibaya. Minza alijitwika mzigo wake akatoka mjini nyuma ya kikosi, pamoja na wanawake wengine wengi, mmojawapo Veneranda.

Veneranda alikuwa mdogo wake kwa miaka kadhaa. Alizaliwa Puge, akabatizwa na mapadri wa kule kwao, halafu akampenda askari mmoja mcheshi akamfuata mpaka Tabora bila kuwauliza wazazi. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Njiani yeye na Minza walipatana kama watoto wa tumbo moja. Mmoja akichota maji, mwenzake anasonga ugali. Mmoja akichoka, mwenzake anambeba mtoto. Minza alimbeba yule mtoto sana, na mtoto akazoea mgongo wake hata akawa analala upesi zaidi kwake kuliko kwa mama yake.

Walipofika nchi ya Iringa chakula kilikuwa kimeanza kuwa haba, na maziwa ya Veneranda yalikauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha. Minza alikuwa na vikuku vya shaba alivyoachiwa na mama yake, hakuwa amevivua mkononi tangu alipovivaa. Alivivua kwa mafuta ya nyonyo, akaenda kwa mwanamke mmoja wa Kihehe aliyekuwa na mbuzi anayenyonyesha, akarudi na mbuzi. Alikuwa mbuzi mweusi mwenye sikio lililopasuka, mkaidi, lakini maziwa yake mazuri. Mtoto alikunywa akapata nguvu, akaanza tena kucheka.

Mkuu wa kikosi chao alikuwa Mdachi kijana aliyeitwa Luteni Hatwigi. Askari walimpenda kiasi, kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kiboko na Kiswahili alikisema vizuri. Kiunoni alivaa ile bastola yenye kibati cha fedha. Maofisa wenzake huko Ulaya walikuwa wamechanga wakamtengenezea, wakachora juu yake jina lake na neno la kumuaga, siku aliyopanda meli kuja Afrika. Aliifuta kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Mvua zilipoanza, wakiwa wanaelekea Mahenge, Hatwigi alishikwa na homa ya kuhara damu. Dawa zilikuwa zimekwisha. Alibebwa kwa machela siku chache, kisha hata machela ikamshinda, wakapiga kambi ng'ambo ya mto mmoja wakamjengea kibanda cha nyasi. Hakuweza kumeza ugali wala mchele. Shomari alimjia mkewe uso umemwanguka.

"Bwana anakwisha," alisema. "Akifa huyu, tutawekwa chini ya yule ofisa mwingine, na yule mwingine unamjua. Hawezi kula kitu. Nimefikiri labda maziwa."

Minza alimwangalia mbuzi, akamwangalia Veneranda aliyekuwa ameketi hatua chache pale, mtoto mapajani. Veneranda alikuwa amesikia kila neno.

"Mbuzi ni wako, dada," alisema Veneranda.

Tangu siku ile maziwa yaligawanywa. Minza alikamua, akachemsha, akamimina sehemu katika kibuyu cha mtoto, na sehemu akaipeleka kibandani, akaichanganya na uji mwepesi wa ulezi, akamnywesha mgonjwa kwa kijiko. Mbuzi naye alikuwa amekonda, maziwa yake hayakuwa yale ya Iringa. Minza alijaribu kuwa na haki. Lakini mgonjwa aliye mtu mzima ana kinywa kikubwa kuliko mtoto, na kila aliponyweshwa na kutulia, Shomari na askari wengine walimtazama Minza kama mtu anayeshikilia kamba ya wote.

Hatwigi hakupona haraka. Kulikuwa na siku mbaya kuliko zote, siku alipopoteza fahamu na kuanza kuwaita watu wa kwao, na Minza hakutoka kibandani tangu asubuhi. Siku hiyohiyo, kwenye vibanda vya wanawake, mtoto wa Veneranda alifariki. Alikuwa na homa, tumbo lake nalo lilikuwa limevimba. Hakuna aliyejua hasa kilichomuua, maana watoto wengi walikufa katika mwezi ule, hata wale ambao mama zao walikuwa na maziwa. Shomari alikuja kumwambia mkewe. Minza alishika kijiko mkononi, akamtazama mgonjwa aliyekuwa akitetemeka, akasema, "Nenda wewe. Nitakuja huyu akitulia."

Hakutulia mpaka jua lilipozama. Minza alipokwenda, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa na kambi ilikuwa inajiandaa kuondoka kutakapopambazuka. Veneranda alikuwa amejifunika kanga uso wote. Minza aliketi karibu naye, naye hakusogea wala hakujifunua. Kesho yake alijitwika mzigo wake akaenda kutembea na wanawake wengine.

Hatwigi alipona. Mbuzi alikufa wiki chache baadaye, na mume wa Veneranda aliuawa kwenye mapambano ya mwaka uliofuata. Shomari naye alipigwa risasi ya mguu, na Wadachi walipoamua kuvuka Mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, amri ilitoka kwamba majeruhi, wagonjwa na wanawake wengi wabaki nyuma wachukuliwe na Waingereza. Asubuhi ile Hatwigi alipita kuwaaga watu wake. Alifika alipolala Shomari, wakapeana mikono. Kisha akamgeukia Minza, akafungua mkanda, akatoa bastola.

"Hii walinipa rafiki zangu," alisema. "Sasa wengi wao wamekufa. Nikienda nayo nitaipoteza, au nitampa adui siku nikishindwa. Sitaki kumpa adui. Maziwa yako ndiyo yaliyoniweka hapa, Minza. Ichukue iwe yako. Si ya efendi, ni yako."

Minza aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto wa mwenzake. Wanawake waliosimama pale walitazama, na Veneranda alikuwa miongoni mwao. Macho yao yalikutana juu ya kile kibati cha fedha, halafu Veneranda akageuka akaondoka.

Bastola ilirudi Tabora ndani ya mfuko wa unga. Hatwigi hawakupata habari zake tena. Serikali mpya ilipotangaza kwamba kila mwenye silaha aipeleke bomani, Shomari aliipeleka mwenyewe bila kungoja kufuatwa. Bwana Shauri wa wakati ule, yaani Mwingereza mkuu wa wilaya, naye alikuwa amepigana vita vilevile, upande wa pili. Aliigeuzageuza, akasoma maandishi, akauliza maswali machache, akaagiza fundi wa polisi atoe kile chuma kinachogonga risasi. Ikawa bastola bubu. Akampa Shomari ruhusa ya kukaa nayo kama kumbukumbu, na ruhusa ikaandikwa jina la Shomari, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuiandika jina la mwanamke.

Miaka ikapita hivyo. Veneranda alisikika kuwa amerudi kwao Puge, ameolewa na mkulima Mkatoliki, mjane kama yeye, jina lake Alois. Watu wa Puge waliokuja mjini walileta habari zake bila kuulizwa. Minza alizisikiliza, akasema "Alhamdulillahi," na kuingia ndani.

Shomari alikufa kwa kichomi katika msimu wa baridi. Walimzika kwa heshima. Askari wazee walikuja wengi, hata wa kutoka Sikonge. Minza alikaa eda yake, na eda ilipokwisha, alikuja Twalibu.

Twalibu alikuwa mtoto wa kaka yake Shomari, na ndiye mrithi aliyebaki. Alikuwa fundi cherehani, mtu mwenye maneno mazuri na mkono mwepesi wa kutoa. Zaidi ya hayo alikuwa mkubwa wa chama cha beni, ile ngoma ya matarumbeta ambayo watu walivaa kijeshi, wakajipa vyeo na kupita mjini kwa gwaride siku za sikukuu. Kulikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, na mwaka uliopita chama cha Twalibu kilifunikwa vibaya.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Aliketi, akauliza afya yake, akasifu kahawa. Kisha akasema, "Mama mdogo, mimi sikuja kukusumbua. Nyumba hii ina fungu langu, lakini kaa humu mpaka Mungu atakapokuita. Sitaki chumba, sitaki kitanda. Naomba kitu kimoja tu, bastola ya marehemu. Nitaivaa kwenye gwaride la Idi. Baba mdogo alikuwa shujaa, na watu wamesahau mashujaa."

Minza alitazama mikono yake. "Bastola si ya marehemu."

Twalibu alitabasamu. "Hata yeye alikuwa akisema hivyo."

"Alikuwa akisema kweli."

Hapo Twalibu hakujua kama anataniwa. Aliaga kwa adabu, akarudi tena, na mara ya tatu akaja na wazee wawili. Majirani walianza kumnong'ona Minza. Mtoto wa watu amemwachia nyumba nzima, walisema, naye anamnyima chuma kisicholia. Minza mwenyewe hakuwa na haja na ile bastola. Kama ingepotea wakati ingali na Shomari, asingeitafuta. Lakini chama cha beni kilikuwa kikifanya mazoezi kiwanjani nyuma ya nyumba yake, na kila jioni wimbo mpya uliingia dirishani: bastola ya Afande, imekunywa damu, imelaza mia kivukoni. Akiusikia, alimwona mtoto mchanga amelala mgongoni mwake. Alijaribu kuziba dirisha kwa kanga, na wimbo ukapita kwenye kanga.

Mwisho shauri lilifika kwa Liwali. Alikuwa mzee wa Kiarabu, mtulivu, asiyependa kelele katika baraza lake. Alimsikiliza Twalibu, akamsikiliza Minza.

"Ruhusa imeandikwa jina la mumeo," alisema.

"Ndiyo, bwana. Aliyeandika hakuniuliza."

"Yupo mtu aliyeona ukipewa?"

"Yupo mmoja aliye hai. Yuko Puge. Sijui kama atakuja kwa ajili yangu."

"Nenda kamwulize. Tutangoja."

Minza akapanda lori la mfanyabiashara wa pamba lililokuwa linakwenda Nzega. Barabara ilifuata ile njia ya zamani ya misafara, aliyoikanyaga na baba yake utotoni, naye alikaa juu ya magunia akiitazama ikipita upesi kiasi kwamba hakuweza kutambua hata mahali walipokuwa wakipumzika. Aliteremshwa Puge, akalala kwa jamaa ya baba yake, na asubuhi akaelekezwa nyumbani kwa Alois.

Veneranda alikuwa uani, anaanika michembe juu ya mwamba. Alikuwa amenenepa na nywele zimeingia mvi. Aliinua kichwa, akaendelea kutandaza vipande vya viazi kimoja kimoja, kama mtu anayemaliza sentensi kwanza.

"Mwangaluka," Minza alisema kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka, dada. Nimesikia Shomari amefariki. Pole. Nilitaka kuja, miguu ikakataa."

"Nimeshapoa."

Alimletea kigoda na maji ya kunywa. Kwa muda walizungumza habari za mvua, za watoto wa Alois, wawili ambao Veneranda aliwalea na mmoja aliyemzaa mwenyewe, Tobias, ambaye sasa yuko shuleni kwa mapadri. Minza akaeleza kilichomleta, kwa ufupi, bila kupamba. Alipomaliza aliongeza: "Sikuja kukulazimisha. Una haki ya kukataa. Maziwa yale nilimpa mtu mwingine."

Veneranda aliweka kikapu chini.

"Wewe umekuwa ukidhani ni maziwa?"

"Ni nini basi?"

"Mbuzi alikuwa wako. Ulitoa vikuku vya mama yako ili mwanangu anywe, na alikunywa miezi ambayo asingeiishi. Watoto waliokufa mwezi ule niliwaona, dada, nilisaidia kuwaosha. Wangapi walikuwa na maziwa? Sikuwahi kukuhesabia maziwa." Alifuta vidole kwa kanga yake. "Ulimbeba mgongoni kuanzia Tabora. Alilala kwako kuliko kwangu. Siku alipokufa nilikaa nikikungoja uje tumwoshe pamoja, maana hakuna mtu mwingine aliyemjua. Ukamtuma mumeo. Hicho ndicho kilichonishinda."

Miaka yote Minza alikuwa amejitetea moyoni kwa jambo ambalo hakushtakiwa, na lile aliloshtakiwa hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alianza kulia, bila sauti, machozi yakimwangukia mapajani. Veneranda alimwacha alie. Kisha alivuta kigoda chake karibu, akaketi bega kwa bega naye, na wakamlilia mtoto yule pamoja, wakati michembe inakauka mwambani na kuku wanaichopoa mmoja mmoja bila mtu wa kuwafukuza.

Alois aliporudi kutoka shamba la karanga aliwakuta hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwafukuza kuku, akaenda kuchinja mmoja wao.

Siku mbili baadaye, Veneranda alisimama mbele ya Liwali wa Tabora, rozari shingoni, akasema alichokiona. Alieleza habari za vikuku, mbuzi, mgonjwa wa kibandani, na asubuhi ya kuagana. Alirudia maneno ya Hatwigi kama yalivyosemwa. Hakumsifu mtu wala kumlaumu. Liwali alipomwuliza kwa nini anakumbuka vizuri hivyo, alisema: "Kwa sababu mwanangu alikunywa katika maziwa hayohayo. Aliitwa Eustadia."

Minza alitambua kwamba hata yeye hakuwa amelitamka jina hilo tangu kule kambini.

Liwali alikata shauri kwamba bastola ni mali ya Minza, na kwamba atamwomba Bwana Shauri abadilishe jina katika ruhusa. Twalibu hakubisha. Alikuwa amekaa muda wote kofia mkononi, na walipotoka nje aliwafuata wale wanawake wawili mpaka chini ya kivuli cha ukuta.

"Mama mdogo, nisamehe kwa wimbo ule. Sikujua. Baba mdogo alikuwa akisema, sisi tukacheka."

"Yamekwisha, mwanangu."

"Nina jambo moja, lakini ni la kumwomba mama huyu mgeni." Akamgeukia Veneranda. "Idi haijafika bado. Ukiniruhusu, nitatunga upya."

Veneranda alimtazama. "Utalitaja jina lake?"

"Ukipenda, nitalitaja."

"Litaje."

Veneranda hakurudi Puge mpaka Idi ilipopita. Alilala katika nyumba ya Ng'ambo, chumba kimoja na Minza, na majirani waliokuwa wakinong'ona wakawa wanaleta vitumbua ili wapate kukaa na kusikiliza. Siku ya gwaride Minza alitoa bastola sandukuni kwa hiari yake, akaifunga kiunoni mwa Twalibu. Beni ilipita njia kuu, matarumbeta yakilia, na watu waliokuja kusikia habari za mia waliolala kivukoni walisikia kitu kingine:

Bastola hii si ya damu, waulizeni Iringa,
Ni ya vikuku vya mama, na mbuzi wa kumkinga;
Mdachi alikunywa akapona, Eustadia hakupona,
Twamwimbia mtoto wetu, Tabora ipate jina.

Chama pinzani kilisema huo ni wimbo wa wanawake, si wa vita. Lakini wanawake wa mji mzima waliushika, wakauimba visimani na mashambani, na baada ya muda hata watoto wasiojua vita ni nini walikuwa wakiuimba wakitwanga. Veneranda alisimama ukingoni mwa njia mkono wake umeshikwa na Minza, akisikia jina ambalo kwa miaka yote lilikuwa likisemwa na yeye peke yake kanisani, na sasa linatoka katika vinywa vya watu asiowajua. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Wamelisema vizuri."

Tangu hapo hawakuachana. Baada ya mavuno Minza alikwenda Puge, na Pasaka ilipokaribia Veneranda alikuja Tabora. Lori likikosekana walikuja kwa miguu, wazee wenye bakora, wakilala kwa watu njiani kama wasafiri wa zamani. Vita vya pili vya wazungu vilipoanza, serikali ilikusanya kila silaha, nzima na mbovu, na askari wa polisi alifika Ng'ambo kuiulizia bastola. Minza alimtolea pamoja na kitambaa chake cheusi. Askari, kijana mwenye adabu, alimwambia kwamba vita vikiisha anaweza kuja kuidai.

"Sawa, mwanangu," Minza alisema, na akamkaribisha kahawa.

Vita viliisha, naye hakwenda kuidai. Wakati huo alikuwa amemwachia Twalibu nyumba ya Ng'ambo, amehamia Puge, ambako Alois alimjengea chumba upande wa pili wa uwanja. Asubuhi wanawake wale wawili walilima karanga, jioni walibishana juu ya chumvi. Minza alipofariki, Veneranda ndiye aliyemwosha pamoja na wanawake Waislamu wa pale Puge, ambao kwanza walitaka kumzuia kwa ajili ya dini yake, kisha wakamwonea haya, wakamsogezea maji.